Ramadhani nzima sikubeti, Idi Mosi nikarudi palepale

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanaume wa miaka 31, naishi Mbagala, naendesha bodaboda ya mkataba. Kila siku nampa tajiri hesabu ya 10,000, na imebaki miezi minne pikipiki iwe yangu. Nina mke na watoto wawili. Mke wangu anakaanga vitumbua alfajiri na kuuza hapo nje, na siku hizi kodi ya nyumba anatoa yeye mara nyingi kuliko mimi.

Shangazi, kinachonimaliza ni kubeti. Nilianza kwa dau la 500 nikifuata wenzangu wa kijiweni. Katika mikeka ya mwanzo, yaani zile tiketi za kuunga mechi kadhaa ambazo lazima zitoke zote, mmoja ulinipa 86,000, nikanunua kitanda cha watoto. Tangu hapo sijakaa sawa. Asubuhi napiga kazi vizuri tu. Tabu inaanza saa saba mchana mpaka saa kumi hivi, abiria wanapopungua. Tunakaa chini ya mwarobaini, kila mtu na simu yake, anayepanga mkeka anausoma kwa sauti, na mimi kwenye simu nina hela za abiria waliolipa kwa mtandao. Nasema naweka 1,000 tu. Jioni nakuja kushtuka hesabu ya tajiri haifiki.

Kinachoniuma zaidi, mikeka yangu karibu yote inachanwa na timu moja. Tisa zinatoka, ya kumi inazingua. Ndiyo maana nashindwa kuacha, naona kabisa mpira naujua, ni bahati tu haijakaa. Nikishaliwa nataka kurudisha hela yangu, naweka zaidi. Hata mpira wenyewe sifurahii tena. Mimi ni Simba tangu utotoni, lakini juzi Simba imefunga, kibanda kizima kimeruka, mimi nimeinama kwenye simu naangalia kama mechi ya Ureno imepata bao la pili.

Nimejaribu kuacha. Nimeapa mbele ya mama yangu. Nimefuta programu kwenye simu, nikairudisha. Mwaka huu Ramadhani nzima sikubeti hata mara moja, na wala sikuona tabu sana, nikajua nimepona. Idi Mosi mwenzangu akanitumia mkeka wake kwa WhatsApp, nikaukopi, na kuanzia hapo nimekuwa mbaya kuliko mwanzo. Halafu nikiteleza siku moja naona nimeshaharibu, basi naendelea wiki nzima.

Sasa nimefika pabaya. Mke wangu alinipa 150,000 nimpelekee mweka hazina wa kikoba chao. Nikachukua 50,000 nizizungushe kwenye mechi za Jumamosi, nikaliwa. Nikaweka iliyobaki ili nirudishe, ikaenda yote. Nikakopa kwa watu wa kausha damu, wale wa mikopo ya riba kubwa, nikapeleka kikoba, mke wangu hajui. Mwisho wa mwezi natakiwa nirudishe 210,000, na hesabu ya tajiri nimeruka siku tano.

Nina maswali mawili. Nitaachaje jambo hili moja kwa moja, maana naona moyo wangu ni dhaifu? Na je, nimwambie mke wangu, au nipambane nilipe kimyakimya asijue?

Dereva wa boda, Mbagala

*

Marahaba mwanangu. Pole sana, na ahsante kwa kuandika kila kitu na hesabu zake. Ningekuwa na barua nusu, ningekupa jibu nusu.

Naanza na swali la pili kwa sababu ndilo lenye tarehe. Mwambie. Mwambie wiki hii, kabla deni halijapiga hodi lenyewe. Wakopeshaji wa aina hiyo wanapajua kwako, na siku wakikukosa kijiweni watamkuta yeye na karai lake la vitumbua, mbele ya wateja. Hapo atakuwa ameaibishwa mara mbili: na deni, na kulisikia kwa watu wa nje.

Fikiria pia hili la kulipa kimyakimya. Dereva wa mkataba mwenye watoto wawili atapata wapi 210,000 na 50,000 za tajiri ndani ya wiki chache bila mkewe kujua? Njia pekee unayoijua ya kupata hela nyingi kwa haraka na kwa siri ni mkeka. Ukichagua siri, umechagua kubeti, hata kama leo huoni hivyo. Kwa mtu mwenye shida yako, kumficha mke na kuendelea kubeti ni jambo moja.

Ukimwambia, mwambie yote kwa pamoja. Wanaume wengi katika hali hii hukiri nusu wakaona mwenza akimeza hiyo kwanza, nusu iliyobaki itafuata. Ile nusu ya pili ikija kugundulika ndiyo inayovunja nyumba. Andika kwenye karatasi: mkopo 210,000, tajiri 50,000, na zile 150,000 zilikwendaje. Kaa naye watoto wakishalala. Akilia au akifoka, nyamaza umsikilize. Usimwahidi kwamba hutarudia, ahadi hiyo mama yako alishaisikia. Mwambie utakachomwomba akushikie, nitakieleza hapa chini.

Kwa tajiri nenda mwenyewe kabla hajakupigia simu. Mwombe uwe unaleta 12,000 badala ya 10,000 mpaka zile 50,000 zirudi, ni siku ishirini na tano. Tajiri aliyepokea hesabu yako miezi yote hiyo anapenda zaidi kulipwa kidogo kidogo kuliko kuanza kumtafuta dereva mwingine. Wakopeshaji nao wafuate kabla ya tarehe, nenda na mkeo kama atakubali, muombe kugawa malipo. Usikope kwingine ili ulipe hapo. Mkopo wa pili wa kausha damu hauzimi wa kwanza.

Sasa hilo la moyo dhaifu. Hapo sikubaliani nawe, na ushahidi umeuandika mwenyewe. Mtu mwenye moyo dhaifu hafungi mwezi mzima bila chakula wala maji mchana wa Mbagala, juu ya pikipiki, na asibeti hata mara moja. Unasema wala hukuona tabu sana. Basi tuulize Ramadhani ilikufanyia nini, kwa sababu moyo uliokuwa nao Shaabani ndio huohuo uliokuwa nao Shawali.

Naona mambo matatu. Siku yako ilibadilika umbo. Mchana watu waliofunga hawakai sana kijiweni kupiga soga, jioni unakimbilia futari nyumbani, usiku wakati mechi zinachezwa upo tarawehe au umechoka. La pili, hela zilikuwa na kazi: tende, sukari, unga wa uji, nguo za Idi za watoto. La tatu ndilo kubwa zaidi kwangu: mtu akikuitia mkeka ulikuwa na jibu. "Nimefunga." Hakuna anayebishana na neno hilo, wala huhitaji kuanza kujieleza. Idi Mosi jibu lako likaisha muda wake, mwenzako akatuma mkeka, na wewe hukuwa na jingine la kumpa.

Wataalamu waliwahi kuliona jambo hili kwa kiwango kikubwa. Mwaka 1971 serikali ya Marekani iliingiwa na hofu kwa sababu askari wake wengi huko Vietnam walikuwa wanatumia heroini. Mtafiti aitwaye Lee Robins alipowafuatilia, karibu mmoja kati ya watano alikiri kwamba alikuwa ameshanaswa kule. Watu walitarajia janga watakaporudi. Lakini katika wale walionaswa, takriban watano tu kati ya mia ndio waliorudi kwenye uteja ndani ya mwaka wa kwanza nyumbani. Heroini, mwanangu, si mchezo. Kilichobadilika sana ni mahali: kambi, marafiki wa kambini, saa za kukaa bure na hofu, bei rahisi, vyote walikuwa wameviacha bara jingine.

Wewe huwezi kuhama Mbagala. Kwa hiyo kazi yetu ni kuibadilisha Mbagala yako kidogo, ile ya kuanzia saa saba hadi saa kumi.

Hela kwanza. Usikae na salio mchana. Ukishusha abiria karibu na adhuhuri, mtumie tajiri nusu ya hesabu hapohapo. Inayobaki, toa ya mafuta, nyingine yote mtumie mkeo. Hili ndilo la kumwomba: ashike hela, na namba yake iwe ndiyo unayowapa abiria wanaolipa kwa mtandao. Za mkononi ziingie kwenye kibubu cha mbao kilichopigiliwa misumari, kikae kwa mama mkwe au jirani unayemheshimu. Najua mwanaume kuomba hela ya vocha kwa mkewe inauma. Itauma kwa muda. Wiki chache za kuumia hivyo ni bei ndogo kwa pikipiki iliyobakiza miezi minne.

Kufuta programu peke yake hakutoshi, umeshaona inarudi kwa dakika. Kampuni nyingi zina njia ya mchezaji kuomba afungiwe akaunti. Omba kwa maandishi, kila kampuni uliyojisajili, na uombe pia wasikutumie meseji za ofa. Toka kwenye magrupu ya mikeka. Mwenzako wa Idi mwambie uso kwa uso asikutumie tena. Akiendelea kutuma, mfungie namba yake kwenye simu.

Halafu saa. Kipindi kati ya adhuhuri na alasiri usikiache wazi, kwa sababu usipokipangia wewe, kijiwe kitakupangia. Mtafiti Peter Gollwitzer alionyesha katika miaka ya 1990 kwamba mtu anayepanga kwa namna ya "ikitokea hivi, nitafanya vile" hutimiza anachokusudia kuliko anayesema tu "nitajitahidi". Kwa hiyo panga kwa maneno hayo. "Nikitoka kuswali adhuhuri, naenda kula nyumbani, sirudi kijiweni mpaka saa kumi." Zungumza na wenye genge na maduka ya mtaani: wengi mchana wanahitaji mtu wa kuwachukulia mzigo sokoni, gunia la mkaa, katoni za sabuni, na hela yake ni ndogo lakini inakuja saa ileile uliyokuwa ukiipoteza. Siku isiyo na mzigo, safisha cheni, kaza breki, kabadilishe oili kwa fundi. Mikono iwe na kazi.

Ukiitwa kwenye mkeka, uwe na jibu moja, fupi, lisilobadilika. Mimi ningekushauri: "Hela zangu anashika mama watoto." Watakucheka siku mbili tatu. Lakini ni kweli, na linafanya kazi ya "nimefunga".

Tamaa itakuja tu, hasa Jumamosi jioni mechi za Uingereza zinapoanza. Ijue tabia yake: inapanda, inafika kileleni, kisha inashuka yenyewe hata usipoipa kitu, mara nyingi ndani ya nusu saa. Mwanasaikolojia Alan Marlatt aliwafundisha watu kuipanda kama mvuvi anavyoipanda ngalawa juu ya wimbi, badala ya kushindana nayo. Weka simu ndani, toka nje, mbebe mtoto, subiri.

Nije kwenye timu ya kumi, kwa sababu nadhani ndiyo inayokushika shingo. Tuseme kweli mpira unaujua, na kila timu unayochagua ina nafasi 7 kati ya 10 za kushinda. Hiyo ni nafasi nzuri. Ukiziunga kumi kwenye mkeka mmoja, nafasi ya zote kutoka ni kama 3 tu kati ya 100. Nafasi ya kutoka tisa na moja kuzingua ni kama 12 kati ya 100. Umeona? Kwa kila mkeka utakaokula, mikeka minne hivi itachanwa na timu moja, na hayo ni kwa mtu anayechagua vizuri. Bahati haikukosi kidogo, mwanangu. Mkeka wa timu kumi ndivyo ulivyo. Ukikosa kwa timu moja hujakaribia chochote, mkeka wa kesho unaanza tena kwenye 3 kati ya 100.

Ila ubongo hauhesabu hivyo. Mwaka 2009 watafiti wa Cambridge, Luke Clark na wenzake, waliwapima watu wakicheza mchezo wa mashine ya kamari na wakaona kwamba kukosa padogo kunaamsha sehemu za ubongo zilezile zinazoamka mtu akishinda, na kunaongeza hamu ya kuendelea ingawa watu wenyewe wanasema hawapendi. Na zile 86,000 zako za mwanzo zilifanya kazi kubwa kuliko kitanda. Skinner, mtafiti wa Marekani, alishaonyesha kwa njiwa kufikia miaka ya 1950: njiwa anayepata punje kila mara akidonoa, ukizikata anaacha mapema, anayepata leo, akakosa, akapata asipotarajia, ataendelea kudonoa muda mrefu sana baada ya punje kwisha. Kwa hiyo hamu unayoisikia haikuambii kwamba zamu yako imekaribia. Ni alama ya namna ulivyolipwa.

Usishindane nayo kwa kuweka dau dogo. Kwako hakuna "1,000 tu". Hata 3,000 kwa siku ni zaidi ya milioni moja kwa mwaka.

Kuhusu kuteleza na kumaliza wiki. Hapo ndipo unapopoteza zaidi ya pale unapoteleza. Utasikia watu wakisema tabia inajengwa kwa siku 21. Si hivyo. Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wanajenga tabia mpya za kila siku, matokeo yakatoka mwaka 2010: kwa wastani ilichukua siku 66, na makadirio yalianzia siku 18 hadi 254. Lakini nilichokipenda mimi ni kingine: kukosa siku moja hakukuharibu kitu, waliorudi kesho yake waliendelea kujenga palepale. Basi ukiteleza Jumanne, mwambie mkeo Jumanne hiyohiyo kabla ya kulala, na Jumatano adhuhuri hela ziende kwa tajiri kama kawaida. Mkubaliane mapema kwamba siku ukisema mwenyewe, hakuna kelele usiku huo. Mwombe hilo, ni gumu kwake, lakini litakuokoa wiki nzima.

Na Simba yako? Sitaki uache mpira, ulikuwa unaupenda kabla ya mkeka. Kwa miezi hii ya mwanzo tazama mechi za Simba peke yake, achana na Ureno na ligi ambazo wachezaji wake huwajui hata majina. Tazama nyumbani au kwa jirani, simu ukiwa umemwachia mtoto wako mkubwa. Siku utakaporuka na wengine bao likiingia, bila kutafuta kitu mfukoni, niandikie tu uniambie. Nitafurahi kwa dhati, ingawa nyumbani kwetu ni Yanga.

Ukifanya haya yote na bado unajikuta unabeti, usirudi kujiita dhaifu. Kushindwa kuacha kamari ni ugonjwa unaotambuliwa; Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu 2022, na unatibiwa kwa mazungumzo na mtaalamu. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke iko jirani nawe, uliza huduma ya afya ya akili, au Muhimbili kwenye idara yao ya magonjwa ya akili. Nenda na mkeo. Na kama deni hili limeanza kukuletea mawazo ya kujidhuru, hapo usisubiri mwisho wa mwezi wala kumaliza kusoma ushauri wangu: mwambie mkeo usiku huu, asubuhi mfike hospitali pamoja.